Vinundu vya Babu Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Binti yetu amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza! Jumapili wanatoka hospitali. Shemeji, dada wa mke wangu, kaja na shali alilolifuma kwa kroshia, limejaa vinundu vilivyotuna kama punje za mahindi. Wodi nzima ikalishangaa. Nikasema ni kazi rahisi tu. Kabla sijauma ulimi, nikaahidi mjukuu atatoka na shali langu mimi. Binti akanisihi nisimchekeshe, kidonda kinauma, lakini akakubali: likiwa tayari, mtoto atavishwa la babu yake. Shemeji akajitolea kunifundisha. Kunifundisha! Mimi, karani mkuu mstaafu wa masjala! Nimekataa kwa heshima zote.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua uzi mweupe na sindano ya kroshia. Siri ya kinundu nimeigundua mwenyewe: unapitisha uzi mara tano kwenye tundu moja, kisha unafunga zote kwa mvuto mmoja. Saa nzima, kinundu kimoja. Lakini kinundu gani! Nikamwita mke wangu. Akasema kizuri, ila kimetokeza nyuma. Nikamweleza kwamba huko ndiko mbele.

Jumatano, 5 Machi
Safu kumi na mbili! Natia vinundu nikienda, natia nikirudi. Vya kwenda vimetokeza huku, vya kurudi kule. Shali lenye nyuso mbili! Shemeji hajawahi kuota kitu kama hicho. Kasoro ni moja, ndogo. Nilianza na upana wa mkono mzima, sasa vimebaki viganja viwili. Mke wangu anashauri nimpigie dada yake. Anapenda sana kushauri.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa Shemeji, eti kumjulia hali. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikauchukua mto wake wa kochi wenye vinundu, nikavuta ncha ya uzi nione jinsi vinavyofungwa. Ukafumuka vizuri ajabu. Nilipomsikia anarudi, nikatia uzi mfukoni, nikaaga, nikaondoka na siri yangu.

Nyumbani, kabla sijavua koti, hodi! Shemeji mlangoni, anakunja uzi kwenye bonge kubwa kama papai. Kaufuata kutoka kwenye kochi lake, mitaa miwili, hadi mfukoni mwangu. Hakunigombeza. Akaketi, akamwonyesha mke wangu, kwa sauti kubwa, kwamba vinundu hutiwa safu moja na kurukwa moja, na kwamba tundu la mwisho wa safu lisiachwe. Mimi nilifumba macho, isije ikasemwa nimefundishwa.

Jumapili, 9 Machi
Shali langu lilizidi kupungua hadi likaishia pembetatu. Mjukuu katoka hospitali ndani ya shali la Shemeji. Iliniuma, sitaficha. Lakini binti akamfunga pembetatu yangu shingoni, akanipakatisha mtoto. Mtoto akaicheulia maziwa papo hapo. Nikalia kidogo. Wageni wakauliza imefumwa na nani. Shemeji akasema ni babu mtu, peke yake, hajasaidiwa na yeyote.

Mwanamke mwenye haki! Papo hapo nimetangaza darasa la kroshia, sebuleni kwetu, kuanzia kesho. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta, akasema na yeye aandikishwe. Nimemweka kundi la wanaoanza.