Athanas na Mti wa Katikati ya Sebule

Zimeni redio, enyi watu wa Ngokolo, na anayetafuna muwa auweke chini, maana habari inayokuja haivumilii kelele za meno. Ni habari ya Athanas mwana wa Mayala, Mpasua Miamba, Mshika Spana, Mpanda Ngazi Isiyo na Kipago cha Tatu, na jinsi alivyokaza bolti moja. Ndiyo, moja. Mataifa mengine yamejenga madaraja. Sisi tuna hii, na tutaisimulia yote.

Boriti ilifika kutoka Isaka ikiwa juu ya lori, imeviringishiwa nailoni kama bibi harusi: mita saba, mbao nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikabandikwa kwa gundi na kubanwa kiwandani hadi zikawa pande moja. Aliyeiagiza ni Lusia, Mama Blessing, mwenye nyumba na mwalimu wa kwaya, naye alikuwa na sababu moja tu: sebule yake isiwe na nguzo, ili kwaya ya kigango ifanye mazoezi bila mtu wa besi kuimba akiwa amejificha nyuma ya zege.

“Gundi,” alisema shujaa, na neno hilo lilimtoka zito kama salamu za rambirambi. “Mama Blessing, gundi ni ya kubandika picha kwenye daftari. Mimi miaka minane nimeshuka maduara, mashimo ya dhahabu, kule Kharumwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga matimba, magogo ya kuzuia mwamba usitufukie. Kitu kizito kikikaa juu ya kichwa cha mtu, chini yake lazima usimame mti!”

“Hii ni sebule, Athanas. Si duara.”

“Duara nalo lilianza hivi hivi, Mama. Lilianza na watu wenye matumaini.”

“Nisikilize, ng’wanawane, mwanangu. Boriti inashikwa na kuta mbili na bolti zake, basi. Nikikuta mti hapa katikati, vyumba vinne vilivyobaki ataezeka Akida.”

Akida! Fundi mwenye drili ya betri na, kinachouma zaidi, kofia ngumu ya njano. Shujaa akaapa: hakuna mti.

Jumamosi asubuhi wanaume kumi wa kwaya waliinyanyua boriti kwa wimbo, sauti ya kwanza mbele, besi nyuma, wakailaza kwenye vikalio vyake vya chuma juu ya kuta. Bolti ya mashariki iliingia bila upinzani, aibu kwa mwandishi yeyote wa vita. Kisha waimbaji wakaenda uani kunywa chai, na Athanas akabaki peke yake chini ya mita saba za gundi.

Ndipo boriti ikalia: *kha*.

Mbao yoyote hulia ikiwekwa mahali papya. Lakini Athanas aliwahi kuisikia sauti hiyo chini ya ardhi. Yeye alikimbia, mwenzake Bujiku alitolewa siku ya pili akiwa na mguu mmoja. Basi usimcheke bado. Subiri kidogo.

Alileta gogo. Akalisimamisha katikati ya sebule, akalikaza kwa kabari tatu, kisha akalivisha turubai, kana kwamba gogo la mita tatu lililovaa turubai lingedhaniwa kuwa ni mgeni wa heshima. Sasa unaweza kucheka.

Ndipo vikaanza vita vya bolti ya magharibi. Haikuingia. Aliigonga kwa nyundo, ikakataa. Aliipaka sabuni, ikakataa ikiwa safi. Aliieleza habari za ukoo wake tangu babu wa babu yake, nayo ikanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa nani kavunja kioo.

“Huyu aliyevaa turubai ni nani?” Lusia alikuwa mlangoni, kwaya nyuma yake na vikombe mkononi.

“Ni... kifaa, Mama.”

Lusia akapanda ngazi, akaruka palipokosa kipago, akapitisha vidole vitatu kati ya boriti na kikalio. “Boriti haijakaa, Athanas. Mashariki umeshaifunga, mti wako unaisukuma katikati, huku imenyanyuka. Hayo mashimo yataonanaje?”

“Fundi, toa mti,” akasema Adam wa besi. “Chai inapoa.”

“Enyi waimbaji!” akalia shujaa. “Naingia mahali ambapo hata panya hulala jicho moja wazi. Nikifa, mwambieni mama yangu nilisimama imara!”

“Mama yako yuko sokoni, utamwambia mwenyewe jioni,” akasema Lusia.

Akapiga kabari ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaruka, gogo likaanguka, boriti ikashuka vidole vitatu kwa kishindo, na shujaa aliyesimama imara akaonekana uani, amepitia dirishani, nyundo mkononi na chai ya Adam shatini.

Boriti ilikuwa pale pale.

Athanas akarudi, safari hii kwa mlango, kwa heshima zote. Bolti ikaingia kama kidole kwenye ugali. Akatia washa, akatia nati, akakaza kwa spana hadi mishipa ya shingo ikahesabika.

Lusia akaweka kigoda katikati kabisa. “Kaa hapo.”

Akakaa. Kwaya ikaanza kuimba, sauti zote nne, vumbi likamdondokea kichwani, boriti ikalia *kha*. Athanas akafumba macho, akashika kigoda kwa mikono miwili, wala hakuinuka mpaka ubeti wa mwisho.

“Jumatatu saa moja,” akasema Lusia. “Vyumba vinne.”

“Wabeja sana, Mama,” akashukuru Athanas.

Na gogo? Alilisimamisha uani, akalikaza kwa kabari zake tatu, eti la kufungia mbuzi. Juu yake hakuna boriti, hakuna bati, hakuna kitu. Lakini mcheke mkijua hili: tangu siku hiyo, mbingu ya Ngokolo haijaanguka hata mara moja.