Malalamiko Dhidi ya Watu Waliofungua Tovuti kwa Pamoja

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mtwara mjini. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya chuo kimoja cha uuguzi hapa kwetu, ile ya kutangaza waliochaguliwa mwaka huu wa 2008. Nawashtaki wananchi kwako, kwa kuwa polisi wamekataa kunifungulia jalada.

1. Tovuti ilikuwa nzima. Niliijaribu mwenyewe asubuhi na jioni, ikafunguka kwa adabu. Mke wangu Sabina naye aliijaribu, mimi nikiwa nimeshatoka, tusije tukagongana.

2. Mwenzangu kazini, Rehema, aliyesomea mambo haya Dar es Salaam, alitaka tuipime kwa programu inayojifanya watu elfu moja wanaobisha hodi kwa pamoja. Nilikataa. Nilimweleza kwamba Mtwara nzima haina kompyuta elfu moja, na kwamba siwezi kufundishwa kazi na watu ambao hata hawajazaliwa.

3. Siku ya majina watu walivamia. Kafe za intaneti zilijaa hadi mlangoni. Watu haohao wanaojipanga vizuri bombani na ndoo zao, wakifika kwenye tovuti wanasukumana! Ikazidiwa, ikawa inamjibu kila mtu: "Jina halipo."

4. Hapa ndipo panaponiuma. Binti mmoja, Nasra, alitoka Nanyamba juu ya lori la korosho kuja kutazama jina lake kwenye kafe ya Bi Mehrunissa. Akasoma kwamba halipo. Bi Mehrunissa anasema hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nimwambie nini baba?" kisha akarudi kwao. Jina lake lilikuwapo, tena juu kabisa. Sasa mkuu wa chuo ananifokea mimi, badala ya kumuuliza Nasra kwa nini hakuchagua saa yenye utulivu.

5. Kwa hiyo naiomba Serikali iweke zamu. Wa Mtawanya wafungue Jumatatu, wa bandarini Jumanne, Nanyamba Jumatano, mvua ikiruhusu. Atakayebofya mara mbili apewe onyo la maandishi. Wenye haraka wafungue tovuti za mikoa mingine.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yeyote hapo ofisini ambaye hajawahi kufungua tovuti yangu.

Ni mimi, ninayeonewa na umma,
Kasiani Josephu

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Rehema ameipima tovuti kwa programu yake bila kuniuliza. Elfu hawakufika. Imeanguka walipoingia watu watatu. Mkuu wa chuo amekubali kumsubiri Nasra, ila amenituma nikamwite mwenyewe. Barua hii naimalizia Nanyamba, barazani kwao. Nasra yuko ndani anapanga nguo zake. Baba yake ameisoma hadi mwisho wa namba nne, na sasa ananiomba kalamu.