Mureithi wa Karatina na Kigoda cha Kakuma

Enyi mnaoketi kwenye viti vya miguu minne, mkaegemea bila hata kushukuru, tegeni masikio mpate habari za Mureithi wa Karatina, Mbeba Mwavuli Kusikonyesha, Mla Ngamia Bila Kuuliza, aliyeshika njia hadi Kakuma kumposa Akai binti Lochakapong, na vita vilivyompata huko baina ya makalio yake na ardhi.

Alijiandaa kama jeshi. Alisoma kwenye simu kwamba nchi yetu ni ya kitropiki, yenye tamaduni tele, miji ya kupendeza na mandhari ya kuvutia, akayatia yote moyoni. Akaivuka Lodwar, mji wa mikoma na jua lisilo na adabu, akitoa salamu ya "ejok" hadi kwa mbwa. Akaingia Kakuma, akala injera kwa Mhabeshi, akanywa chai kwa Msomali, akanunua kitenge kwa mama wa Kikongo aliyemwita "papa" ilhali hana mtoto hata mmoja. Akajiona ameimeza nchi nzima. Lakini simu, jamani, haikutaja kigoda.

"Baba haongei na mtu aliyesimama," Akai alimwonya mlangoni. "Utakalia ekicholong kama wanaume wengine. Ukianguka, mambo yetu yanangoja mwaka ujao. Yule mhasibu wa Kitale alianguka, akarudi kwao kabla ya chai."

Na kigoda chenyewe kilikuwa nini? Kipande cha mti, upana wa kiganja, juu ya mguu mmoja. Mzee Lochakapong alikikalia chake ametulia kama mlima. Mureithi akakivamia cha kwake, akaenda chali, kuku wakatawanyika. Akarudi vitani, akaanguka kushoto, akaiangusha chupa ya chai.

"Shemeji wa majaribio," akauliza Ethuro, kaka yake Akai, ambaye kwake Kenya huanzia ng'ambo ya Lodwar, "kule Kenya mnakalia nini?"

"Sofa."

"Si ungekuja nayo."

Mzee hakucheka. "Mara ya tatu ni ya mwisho. Iko mbuzi inangoja maji."

Ndipo shujaa akajikung'uta vumbi, akakikabili kigoda, akanena kwa sauti ya majemadari: "Ewe kijiti usiyetosha hata kuchemshia githeri, babu zangu walilima miteremko ambayo mbuzi huitazama na kughairi, nami nishindwe na wewe? Leo ama nikukalie, ama tuzikwe pamoja."

"Hii mtu inaongea na kiti?" Mzee akauliza.

"Anaomba, baba," akasema Akai.

Akaketi. Akatanua magoti, akazuia pumzi, akayumba kaskazini, akayumba kusini, na tazama, dunia ikatulia chini yake.

Mzee akaanza. Akauliza kama Karatina iko majani, na kwa nini watu wa huko wanafuga viazi, kitu isiyoweza kutembea. Akasimulia ukame, ngamia, ndugu zake wa Lokitaung mmoja baada ya mwingine. Kivuli kikahama, Mureithi akabaki juani. Miguu ikaingiwa na siafu, kisha moto, kisha ikafa ganzi, na kutoka kiunoni kwenda chini hakupata habari tena.

"Basi," Mzee akasema. "Tumeongea. Sasa wewe enda, mimi nitafikiria."

Mureithi akaiamuru miguu. Miguu haikupokea amri.

"Nimesema unaweza kwenda."

"Nimesikia, mzee."

"Hata nikisema urudi mwaka ujao?"

"Siwezi kuondoka, mzee," akajibu Mureithi, na katika safari nzima hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

Mzee akamgeukia mwanawe. "Ile ya Kitale ilikimbia. Hii imekataa kutoka. Ethuro, chinja ile mbuzi nyeupe."

Akai akaja na kikombe, akainama, akamfinya shavu la mguu kwa kucha zote. Mureithi akaendelea kutabasamu tu.

"Usiseme kitu," Akai akamnong'oneza.

Na iandikwe kwamba saa kumi na robo ya siku ile, Karatina iliketi Kakuma na haikuanguka. Na kwamba wakati wa nyama wanaume wawili walimwinua Mureithi juu juu, kigoda kingali kimemng'ang'ania suruali, wakampeleka hadi kwenye moto, na majirani waliotazama kutoka uani wakaulizana ni heshima gani hiyo, ambayo hata chifu hajawahi kupewa.