Bwana Joho na Maji ya Bondeni

Jumatatu, 4 Novemba 1957. Newala.
Safari, dereva wa lori la korosho, ameleta suruali itiwe kiraka. Ndani yake amekunja kitabu alichopewa na baharia kule Mtwara. Nimeshona mpaka adhuhuri bila kukigusa. Kisha nikakigusa. Suruali haijaendelea.

Picha tupu, za rangi, tangu jalada hadi jalada. Kiingereza sikijui, wala sikukihitaji. Mtu mwenye joho jekundu anaruka angani. Nimemwita Bwana Joho. Ukuta unaozuia ziwa unapasuka, na chini yake kuna mji, watu wanakunywa chai. Bwana Joho anaukinga ukuta kwa mgongo. Ukurasa huo hauna neno hata moja. Maji tu, buluu juu ya buluu, na mtu mmoja mdogo chini yake. Nimesahau kumeza mate.

Jumanne, 5 Novemba
Safari amekubali kuniachia kitabu mpaka Jumapili, kwa sharti suruali iishe. Mpango: nikisome mbele ya watu barazani kwangu, Isabela akiwepo. Isabela, mama yake Veridiana, ni mjane, jirani yangu. Nina nia njema kwake ambayo sijapata pa kuianzia.

Watu wamekuja. Nimesoma kwa sauti nzito, maneno nikiyatunga. Hata Bartholomayo karani, anayejua Kiingereza na mwenye nia njema kama yangu, alisogea karibu tulipofika kwenye maji. Bibi mmoja aligusa karatasi, akatazama kidole kama kimelowa.

Isabela alitazama kuliko wote. Akasema, "Huyu amechoka. Tazameni magoti."

Nikamwambia, Mama Veridiana, watu wa namna hii hawachoki. Bartholomayo akasema ukurasa unaofuata umeandikwa wazi kwamba amechoka. Nikafunga kitabu.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimeshona joho. Kitambaa chekundu, kilichobaki kwenye mapazia ya mtu. Mpango: Jumamosi nimpandishie Isabela maji kutoka bondeni, kwa mzega, ule mti wa begani wenye debe kila ncha. Bartholomayo hata mwavuli wake unamchosha. Nimevaa, nimesimama juu ya kiti. Mbuzi wa jirani amekimbia.

Suruali bado.

Jumamosi, 9 Novemba
Kuteremka kulikuwa kuzuri. Upepo ulilishika joho. Wanawake walinisalimu kwa heshima, wengine wakiwa wameficha midomo kwa khanga. Kisimani mtu huchota kwa kata, kisha husubiri maji yajikusanye tena. Tulisubiri sana. Isabela alikataa msaada, akakataa tena, mwishowe akaniachia debe lake. Nikalitundika kwenye mzega pamoja na langu.

Katikati ya kilima joho lilinasa kwenye mwiba. Nikavuta. Mwiba nao ukavuta. Madebe yote mawili yakamwagika. Udongo ulikuwa umeshayanywa maji kabla sijainuka.

Sasa hakuna aliyeficha mdomo. Hakuna aliyecheka kabisa. Isabela aliokota debe lake. "Fundi Walter," akasema, "kaa kivulini." Akateremka tena.

Nilikaa. Jua lilikuwa utosini alipotokea, debe kichwani, mikono hailishiki. Shingo imenyooka. Magoti yanatetemeka, na juu hakuna tone linalomwagika. Alinipita bila kusimama, maana pale ukisimama huondoki tena. Nilijikuta nimeinuka, kofia mkononi. Ulikuwa ule ukurasa usio na neno, nao unapumua.

Jioni alinipa kikombe kimoja cha maji hayo. Sijawahi kunywa kitu polepole hivyo.

Jumapili, 10 Novemba
Kanisani nimemtafakari Isabela kuliko mahubiri. Nimeelewa kila kitu. Mwanamke wa namna ile hahitaji kusaidiwa maji. Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Safari amekuja kuchukua kitabu. Kwa habari ya suruali amenuna, kisha huruma imemwingia, akanionyesha kitabu kingine. Humo mtu anatembea ndani ya moto. Ndimi zinampita mwilini kama upepo, unywele hauungui. Nimekosa pumzi.

Kesho Isabela anakaanga gunia zima la korosho, na hakuna asiyejua jinsi mafuta ya maganda yanavyoruka na kubabua ngozi. Nimekwenda kumwambia apumzike. Nitakaanga mimi, karibu kabisa na moto, bila shati.

Ameniuliza kama nimewahi kukaanga korosho. Nimemjibu kwamba atajionea mwenyewe.