Jinsi Fagio Alivyolizibua Kalvati la Mpakani

Nyamazeni, enyi mliozoea visa vya majeshi na ngome. Sogezeni viti, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nasimulia tendo ambalo tangu nchi mbili zichorewe mstari halijapata kutendwa upande huu wala ule. Namsimulia Fagio, mfagizi wa ofisi ya forodha, bingwa wa korido ndefu, mfyeka utando wa buibui, mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hajapata kuwa mjumbe wa kitu chochote. Nipeni pumzi, enyi wakubwa wa kamati zote, maana pumzi ninyi mnayo ya kumwaga.

Chini ya barabara ya mpakani palikuwa na kalvati, bomba la zege ambalo mtu mzima huingia kwa kutambaa, na humo kijito kilipita kutoka nchi ya juu kwenda nchi ya chini bila kuulizwa pasipoti. Kalvati hilo likaziba. Limezibwa na nini, hakuna aliyejua; ila kijito kilirudi nyuma, kikatanda huko juu kwa rangi ya chai ya maziwa, kikaanza kupanda kuelekea nyumba za watu. Nyumba ya kwanza ilikuwa chumba kimoja cha dada yake Fagio, fundi cherehani, aliyeolewa ng'ambo na kufiwa na mume huko huko.

Ndipo ilipoinuka Kamati ya Pamoja ya Mazingira ya Mpakani, iliyokwisha kuzinduliwa kwa shangwe hapo hapo mpakani kabla ya kalvati kuziba, jeshi la wajumbe kumi na wanne, saba kwa saba, wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni na viatu visivyojua tope. Mara saba ilikutana, na mara saba ilipiga picha. Katika kikao cha pili ikatunga sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyolifunga kalvati kuliko taka zenyewe: taka yoyote ya mpakani itaondolewa na nchi iliyoizalisha, baada ya asili yake kuthibitishwa na pande zote mbili. Ili kuithibitisha asili ilipasa kuitazama taka, na kuitazama kulihitaji kuingia kwenye bomba linalonuka. Basi miezi minne ikapita wakisubiri wataalamu.

Siku ya kikao cha nane wajumbe walitoka ukumbini kwa ziara ya ukaguzi, wakajipanga barabarani juu ya kalvati, wakashika reli na kutazama mbali. Wingu jeusi lilikuwa limekwisha kuziba nusu ya anga. Fagio alisimama nyuma yao na fagio lake, maana alikuwa ameagizwa kufagia mahali watakapokanyaga.

Akanena Mwenyekiti wa nchi ya chini, mwamba wa hotuba, asiyeshindwa na kipaza sauti:

"Ndugu wajumbe! Nasimama mbele yenu nikiwa na moyo mzito na faili zito. Nauliza, na historia inauliza nami: maji haya yamejaa kwetu? Hayakujaa kwetu! Kwetu ni pakavu, na ukavu huo tumeutunza kwa gharama kubwa ya fikra!"

Wakapiga makofi. Akajibu Mwenyekiti Mwenza wa nchi ya juu, mtu wa sauti tamu na tumbo la heshima:

"Ahsante, ndugu yangu wa damu. Lakini mpimaji wetu aliingiza kamba, akathibitisha kwamba kizibo kimelala hatua mbili ndani ya ardhi yenu tukufu. Sisi tukanyage ardhi ya jirani kwa ajili ya takataka? Hasha! Tunaiheshimu mipaka yenu hadi sentimita ya mwisho!"

Makofi tena, marefu zaidi. Na katikati ya makofi hayo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka upande wa juu. Alikuwa dada yake Fagio, sketi ameikunja, maji yakimfika magotini.

"We Fagio! Maji yameingia ndani! Yamefika kwenye kanyagio la cherehani! Sare za shule thelathini na sita nimezirundika kitandani, na kitanda chenyewe kinataka kuelea. Mvua hii ikinyesha sina tena kazi mimi, unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Kunisikia hata hao wananisikia!"

Maneno hayo yalimchoma Fagio. Miaka yote hiyo alifagia chini ya miguu ya wakubwa hawa, akiinua viti vyao taratibu asiwakatize, akiamini kwamba watu wanaoongea kiasi kile lazima kuna kitu wanakijua. Sasa aliwatazama visogo vyao kumi na vinne, akaona haya kwa ajili yao, halafu hasira ikampanda hadi masikioni. Ile cherehani alikuwa ameibeba yeye mwenyewe, siku dada yake alipoolewa.

Akaenda ghalani kujizatiti kwa vita. Akavaa mabuti ya mpira, la kulia zima, la kushoto lina tundu. Akatwaa kulabu, fimbo ya chuma ya kuvutia mlango wa ghala, yenye urefu wa watu wawili, ambayo haikuwahi kumwaga damu isipokuwa ya kidole cha mlinzi. Akashuka kingoni, upande wa chini ulio mkavu.

"Mzee, unakwenda wapi?" akauliza Katibu wa kamati. "Ajenda ya kushuka hatujaifikia."

"Nashuka tu, mheshimiwa. Nyie endeleeni."

Naam, akaingia! Akatambaa kifua chini ndani ya giza lile la zege, harufu ikimshambulia kutoka pande zote, mende wakikimbia mbele yake kikosi kwa kikosi. Akarusha kulabu, ikateleza. Akarusha tena, ikanasa kitu kisha ikakiachia, naye akatamka neno ambalo mwandishi wa historia hathubutu kulinakili. Mara ya tatu ikauma. Fagio akarudi kinyumenyume hadi nje, akakita visigino kwenye tope, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akimtaja Mungu na dada yake kwa zamu.

Kizibo kikatoka kwa kishindo, na kijito cha miezi minne kikatoka nacho, kikamkalisha Fagio kitako na kumvua buti moja.

Hapo mbele yake likajikunjua bango la plastiki la mita sita, na ndani yake chupa tupu za maji, mamia kwa mamia. Kwenye bango walitabasamu wenyeviti wote wawili, wameshikana mikono, chini ya maandishi makubwa: MAZINGIRA SAFI HAYANA MPAKA. Kila chupa ilikuwa na lebo: Kikao cha Kwanza cha Kamati ya Pamoja.

Asili ya taka ikawa imethibitishwa, na pande zote mbili zikiwepo. Wajumbe wakageuza vitambulisho vyao vya shingoni, majina yakaangalia ndani. Kisha Mwenyekiti akakohoa, akatangaza kwamba haya ndiyo matunda ya mashauriano, na Katibu akauliza kwa sauti ya chini kama taka zile zina kibali cha kuingia nchi ya chini.

"Yanashuka!" dada mtu alipaza sauti, akilia na kucheka kwa pamoja. "Kanyagio naliona! Fagio, umeumia?"

"Nimepoteza buti."

"Lile la kushoto?"

"La kulia."

"Maskini ndugu yangu! Njoo basi uoge, uji upo jikoni."

Katika kumbukumbu za kikao, Katibu aliandika kwamba maji yalipungua kufuatia ziara ya viongozi. Aandike. Sisi tutaandika yetu, na wajukuu waisome kwa kusimama: kwamba nchi mbili kubwa, zenye bendera na mihuri, zilikutana mara saba juu ya kalvati moja, na katika mara ya nane mtu mmoja akainama.