Makaa Yaliyokunywa Mvua

Kwa mamlaka niliyopewa kama katibu, natangaza kwamba mwaka 1991 ofisi yetu ya vibali hapa Arua ilifanikiwa kuitia mbaroni hewa chafu.

Mkuu wetu, Bwana Candia, alikuwa amepakisha kuta rangi ya mafuta, kisha akaamuru madirisha yapigiliwe misumari ili vumbi lisiguse zulia jipya. Harufu ya rangi ikabaki ndani pamoja nasi. Mpiga chapa wetu, Driciru, alikuwa mjamzito. Kichwa kikamuuma, akawa hali kitu, akaomba lifunguliwe japo dirisha moja.

"Dirisha ni suluhisho la kijijini," Mkuu alimjibu.

Alikuwa ametoka semina Kampala, alikoambiwa kwamba makaa yana vitundu visivyoonekana, na mvuke wa rangi ukipita hunaswa humo. Tukaunda Kamati ya Unasaji, tukaning'iniza magunia ya makaa darini. Kilikuwa kiangazi, yakafanya kazi. Driciru akaanza kula. Mkuu akajipongeza kwa waraka.

Mvua ikaja. Hewa ikajaa unyevu, vitundu vikajaa maji, mvuke wa rangi ukakosa pa kukaa, ukaturudia. Kamati ilichunguza ikabaini kwamba makaa hayana kosa. Wenye kosa ni wananchi wanaoingia na maji. Ikatoka Amri ya Ukavu: mtu yeyote mwenye maji mwilini, yawe ya mvua, jasho au machozi, asiingie ofisini, bila kujali cheo. Chai nayo ilisimamishwa.

Asubuhi moja alifika Mariam Poni, mfanyabiashara wa Koboko, kalowa chapachapa. Soka, mlinzi wetu aliyewahi kuwa askari, akamzuia mlangoni.

"Mama, wewe iko na maji."

"Iko mvua," Mariam alisema. "Lori yangu iko pale na muhogo. Bila kibali, haiingii soko. Muhogo itaoza."

"Kauka kwanza."

"Nikauke wapi, ndugu yangu?"

Driciru alisikia. Akainuka, akabeba taipureta yake kuelekea barazani.

"Unakwenda wapi?" Mkuu aliuliza.

"Natokwa na jasho, mzee. Naogopa kuvunja amri."

Barazani akavuta pumzi ndefu, akaketi, akachapa kibali cha Mariam. Mimi nilimfuata na muhuri, kwa sababu za usimamizi. Lori likaondoka kabla muhogo haujaharibika. Watu wakajipanga foleni, makarani wengine nao wakaanza kutoka jasho mmoja mmoja.

Ndipo gari la mkaguzi kutoka Kampala, Bi Elena, likasimama uwanjani. Mkuu, macho mekundu kwa mvuke, alichomoka mbio kwenda kumpokea, bila mwavuli. Mvua ikamlowesha mpaka soksi. Aliporudi mlangoni, Soka hakusogea.

"Mimi ni Mkuu wa ofisi hii," alisema.

"Ndiyo, mzee. Lakini iko maji. Amri ni yako."

Bi Elena alikuwa amempita chini ya mwavuli wake bila kumtambua, na sasa amekaa barazani akitazama vibali vinavyotoka; kwa kishindo cha mvua hakusikia ya mlangoni. Akamuuliza Driciru yule bwana ni nani.

"Mwananchi, mama," Driciru alijibu bila kuinua macho. "Hajakauka. Atahudumiwa zamu yake ikifika."

Bi Elena aliridhika na kazi, na kwa kuwa hakumwona mkuu yeyote, akamkabidhi Driciru ofisi kwa muda. Mkuu akasimama kwenye foleni, nyuma ya muuza ufuta kutoka Ayivu. Kamati inathibitisha kwamba hewa ya pale ilikuwa safi kabisa, na Mkuu aliivuta mpaka jioni.