Kambale wa Kupima Dhahabu

Siku Faradji alipomkuta Grégoire, mnunuzi wa dhahabu, akiuma punje ya njano katikati ya Salamabila, mji wa machimbo, huku uso umemkunjamana, alijua riziki yake imefika. Mtu anayeogopa kudanganywa kiasi kile, aliwaza, ndiye rahisi kuliko wote.

"Papa Grégoire," akasema, akiegemea pikipiki yake nyekundu aliyoipenda kuliko ndugu zake, "utamaliza meno. Iko kambale moja ya Tanganyika. Ukiweka zahabu ya kweli mu maji, inalala juu yake. Ya uongo, inakimbia."

"Samaki?"

"Samaki haikule rushwa, papa."

Grégoire, aliyekwisha kuuziwa unga wa shaba mara mbili mwaka huo, akaagiza aletewe samaki huyo.

Faradji akarudi kwake Kasongo kutengeneza sanduku la vioo la kumwekea kambale, na tumpe haki yake: kazi aliifanya kwa moyo. Alinunua vioo vya kabati la studio ya picha iliyofungwa, akazisugua kingo kwa jiwe mpaka zikaacha kukata vidole, akazifuta kwa pombe kali, iliyobaki akaifutia koo. Akapaka gundi ya silikoni pembeni, akailainisha kwa kidole chenye sabuni, akafunga utepe, akangoja siku nne nyumba nzima ikinuka siki. Ila chini aliweka vioo viwili, kimoja juu ya kingine, vikiachana upana wa kidole, na cha chini akakipaka rangi nyeusi. Kwenye kile cha juu aliacha ufa mwembamba bila kuuziba. Dhahabu ni nzito. Ingepenya mchangani, ishuke ufani, imsubiri mwenyewe.

Sebuleni kwa Grégoire, huko Kabambare, sanduku likatiwa mchanga, jiwe likawekwa juu ya ufa, maji yakajazwa. Kambale, aliyevuliwa jana yake kwenye kijito cha jirani, akajilaza kando ya jiwe kwa heshima zote.

"Tumuache azoee," Faradji akasema. "Kesho utaweka unga ya zahabu hapa, karibu na jiwe."

Asubuhi Rosine, mke wa Grégoire, akapita na kitambaa chake cha kufutia meza.

"Baba Faradji, maji imepunguka. Lakini meza iko kavu."

"Samaki iko inakunywa, mama."

"Na ile mapovu inatoka chini ya jiwe?"

"Iko inapumua."

"Kupitia jiwe?"

Faradji akacheka sana, kuliko ilivyohitajika. Rosine hakucheka. Aliingia chumbani kwa mumewe, wakakaa humo kitambo.

Mchana Grégoire akatoka na kichupa, akamwaga unga wa njano kando ya jiwe. Siku mbili kambale alilala juu yake bila kusogea. Siku ya tatu hapakuonekana hata chembe ya njano juu ya mchanga.

"Silikoni inalegea," Faradji akatangaza kwa huzuni. "Maji itajaa mu salon yako! Nipeleke sanduku Kasongo, nizibe upya, na muchanga wake, zahabu isipotee."

Alikuwa ameandaa uongo saba. Wa kwanza ukatosha, na hilo lingemshtua mtu asiye na tamaa.

"Peleka," Grégoire akasema. "Utaacha pikipiki hapa. Na dechaji tutaandika."

Huko bila dechaji, karatasi ya makabidhiano, hata kuku haendi kwa jirani. Ikaandikwa mbele ya mashahidi wawili: nimepokea dhahabu ya kweli, iliyothibitishwa na samaki wangu, nitairudisha yote ndipo nipewe pikipiki. Faradji akatia sahihi kwa madaha. Dhahabu ile ingenunua pikipiki tatu. Akapanda nyuma ya Djuma, dereva wa pikipiki ya kukodi, sanduku mapajani, kambale akiachwa kwenye beseni la Rosine.

Alipofika Kasongo, akapitisha wembe kwenye silikoni yake nzuri. Unga ulikuwepo wote. Akaudondoshea asidi; ukatoa povu la kijani. Ilikuwa shaba ya njano iliyopigwa tupa. Akapiga simu.

"Papa Grégoire! Hii ni shaba!"

"Shaba? Na samaki yako ililala juu yake siku mbili?"

Faradji akadondosha asidi tena; povu likatoka kijani vilevile.

"Karatasi inasema zahabu ya kweli. Ulisaini weye, samaki hatukumuomba sahihi. Rudisha zahabu, uchukue pikipiki."

"Basi... kambale yangu?"

"Tulimukula na bugali."

Nyuma ya sauti ile injini ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, na mwanamke akacheka. Faradji alikaa chini, akalia kweli. Mlio ule aliujua, ni wa pikipiki yake; mama Rosine alikuwa anajifunza kuendesha.